Dada, lubisi yetu haikuuawa na mama yako

Dada yangu, binti wa shangazi,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu mama yako alisemwa mbele ya watu. Ule mkutano wa ukoo uliokaa uani kwa Babu, ukakata shauri kwamba yeye ndiye aliyeifilisi lubisi, pombe ya ndizi ya nyumba yetu, ulisikilizwa na wazee, vijana, majirani na wapita njia. Nikikunong'oneza kwenye simu, nitakuwa nimemdhulumu mara ya pili.

Juzi nilikuwa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, boti ya ndizi kutoka upande wa kwetu inashusha. Akapita mpagazi na mkungu ulioiva ovyo, ndizi moja ya manjano, jirani yake mbichi kabisa. Nikamwomba anikatie moja. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia kama kutu. Nilikaa juu ya gunia la dagaa, sikufanya kazi tena siku ile.

Uliondoka kijijini ukiwa mdogo, ukapelekwa kusoma, kwa hiyo huenda hukuwahi kuona kazi yenyewe kuanzia mwanzo. Ndizi zetu za pombe, embire, hazipikwi. Ukizichemsha zinakaba ulimi kwa ukakasi. Zilivundikwa shimoni siku tano au sita, zimefunikwa majani ya mgomba na udongo. Zikishaiva zinamenywa na kumwagwa kwenye obwato, ule mtumbwi wa gogo moja usiojua ziwa, zinachanganywa na nyasi, vijana wananawa miguu na kuingia kukanyaga. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi ili maji yatoke. Kinachotoka kwanza ni omuramba, mtamu hadi unakereketa koo, na hilo ndilo lilikuwa fungu letu watoto. Kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, obwato unafunikwa kwa majani, na kesho yake jioni umekuwa lubisi. Siku ya tatu inaanza kuchacha. Siku ya nne huwezi kumpa mgeni.

Shika hapo, Dada, kwa sababu utajiri wetu wote ulitoka hapo. Pombe isiyokaa siku nne haina ghala. Inataka mnywaji awe tayari kabla haijaiva. Babu alikuwa na wanywaji wa kijiji, wa harusi na wa matanga, na aliridhika. Mama yako aliporudi nyumbani kutoka kwa mumewe, akakuta Babu amechoka, aliangalia mbali zaidi. Aliangalia ziwani.

Ilikuwa miaka ya sangara. Samaki yule aliletwa ziwani miaka ya 1950, lakini ilipofika miaka ya 1980 ndipo alipojaa, viwanda vya minofu vikaota hapa Mwanza, na makambi ya wavuvi yakafurika Goziba, Bumbire na Ikuza. Kila mtu alijua kwamba visiwani kuna pesa. Mama yako alijua ni lini. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo wanapumzika, wanashona nyavu, wanagawana mapato. Basi yeye alihesabu kurudi nyuma kutoka mbalamwezi. Siku sita za kuvundika, siku ya kukanyaga, usiku wa kuumuka, asubuhi ya safari. Madumu ya lita 20 yalishushwa kisiwani wakati wavuvi wamekaa ufukweni mikono mitupu na mifuko imejaa. Sijaona mfanyabiashara mwingine, wa hapa mjini au wa huko, aliyepanga mzigo wake kwa mwezi wa angani.

Kutoka obwato mmoja tukawa na mitatu. Tukanunua injini ya boti. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye yale madumu, na ya kaka zangu wote waliomhukumu.

Kwetu Wahaya kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume, na mwanamke hakutakiwa hata kuusogelea obwato ukiwa na ndizi. Yeye hakuuvunja mwiko huo. Aliajiri vijana wakanyage, yeye akasimama kando na daftari. Lakini daftari liliwauma wajomba zako kuliko miguu ambavyo ingewauma. Mwanamke anashika hesabu ya shamba la ukoo! Niliyasikia maneno hayo nikiwa na miaka kumi na minne, nikacheka pamoja na wakubwa. Naomba radhi kwa kile kicheko.

Sasa anguko. Wanasema alikula mtaji. Wengine walisema mabaya zaidi, siyarudii. Ni kweli biashara ilikuwa imeshaanza kuyumba: mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, visiwani pesa ikakauka kwa muda, na baadaye bia za chupa na viroba vikafika hadi kambini, vitu visivyochacha, vinavyomsubiri mvuvi badala ya kumkimbilia. Viroba vilikuja kupigwa marufuku mwaka 2017, lakini kwetu hakukuwa tena na lubisi ya kurudi mahali pake. Hata hivyo nasema kwa moyo mmoja kwamba hayo yote mama yako angeyavuka. Alikuwa ameshaanza kupunguza safari za visiwani na kurudisha nguvu kwenye harusi.

Kilichotumaliza ni mnyauko. Ulionekana Muleba mwaka 2006. Jani linageuka manjano na kulegea kama lililomwagiwa maji ya moto, mkungu unaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Ni bakteria. Wadudu wanaoenda kunyonya kwenye ua dume la mgomba huwabeba kutoka shina hadi shina, na baadhi ya ndizi za pombe huambukizwa upesi kwa njia hiyo kuliko nyingine. Lakini kuna mbebaji mwepesi kuliko nyuki. Ni panga.

Nilikuja likizo mwaka uliofuata. Mama yako alinionyesha migomba minane iliyonyauka shamba la chini, karibu na kijito, akaniomba niikate. Nikaikata. Kisha, kwa sababu nilitaka aone kwamba mtoto wa mjini bado anajua shamba, nikapanda hadi shamba la juu, lile la embire za Babu, na panga lile lile, halijapitishwa hata kwenye moto, nikapogoa majani makavu mstari kwa mstari hadi jioni. Alinipikia senene siku ile. Alifurahi.

Bwana shamba alifika miezi kadhaa baadaye kufundisha: choma panga kwenye moto au litie kwenye jiki kila unapohama shina, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, mgomba mgonjwa ung'olewe. Nilisimuliwa kwa simu. Nikauliza shamba la juu likoje. Nikaambiwa linanyauka mstari kwa mstari.

Nilielewa siku ile ile. Na kwenye mkutano nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka upande wa wanaume, nikanyamaza.

Nasikia wajomba wanataka kuuza kipande kile cha shamba la juu na kuupasua kuni obwato uliobaki, na kwamba wewe umeambiwa mtoto wa mwanamke hana neno. Wao na wewe mjue kwamba Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, ikasema mila inayomnyima haki hiyo kwa kuwa ni mwanamke inapingana na Katiba. Babu alimwachia mama yako shamba la juu kwa mdomo wake, na mimi ni mmoja wa mashahidi wawili tuliobaki.

Wanakaa tena mwisho wa mwezi. Nitavuka na meli hadi Kemondo, nitasimama uani pale pale, nitasema habari ya panga kabla hawajafungua mjadala wowote. Njoo, Dada. Daftari lake ninalo. Nililichukua siku ya msiba nikaliweka kabatini, na kurasa za mwisho bado zina duara dogo la penseli kila penye mbalamwezi.