Mama Gift, kabla binti hajapanda ndege

Mama Gift mpendwa,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu mfikishie mama mkubwa. Sisi huku Leipzig hatujambo, ila baridi inatukomesha na watoto mafua hayawaachi. Najua nimekaa kimya mno, usininunie, nitakueleza siku nyingine. Ujumbe wako wa visa ulinikuta jikoni, nikapiga vigelegele mpaka Baba Neema akaja mbio. Hongereni jamani! Miaka mitatu anasomea unesi huku Ujerumani na mshahara anapokea, wangapi wanaipata hiyo?

Sasa nina neno, na afadhali ulisikie kwangu kuliko Gift alikute wodini mbele za watu. Ni hilo jina lake. Kwa Kijerumani, Gift ni sumu.

Usicheke. Au cheka kwanza, halafu endelea kusoma. Ni sumu hasa, ya nyoka, ya uyoga. Dukani sumu ya panya imeandikwa Rattengift, jina la mwanao limo humo herufi zote nne. Mtoto akinywa kitu cha kufulia, namba ya kupiga ni ya Giftnotruf. Kabati la dawa kali linalofungwa kwa ufunguo wanaliita Giftschrank. Halafu wazee wa huku, ingawa cheo kimebadilishwa na walioanza masomo tangu 2020 wakihitimu wanaitwa Pflegefachfrau, bado wakimwona nesi wanaita Schwester, kama sisi tunavyosema sista, na jina lake la kwanza. Haya, mfikirie babu wa miaka themanini anaamshwa usiku ameze vidonge, anavaa miwani, anasoma kifuani: Schwester Gift. Atameza huyo?

Nimesikia kwa Mwalimu Eli kwamba Baba Gift naye ameshadokezwa na mtu, na anataka mwende kwa wakili mkaape jina libadilishwe. Mwambie atulie! Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha Kijerumani, pasi, mkataba, visa, vyote vinasema Gift. Ukigusa kimoja umeviharibu vyote, na watu wa ofisi za huku wanaweza kukukalia miezi kwa herufi moja tu.

Tena jina lenyewe halina kosa. Nimelifuatilia, maana lilininyima usingizi. Gift ya Kiingereza na hiyo ya Kijerumani ni ukoo mmoja, zote zimetoka kwenye kitenzi cha kutoa, kile kile kilichozaa give ya Waingereza na geben ya Wajerumani. Zamani hata kwa Wajerumani ilikuwa na maana ya kitu kilichotolewa. Kilichotokea ni kwamba watu waliogopa kuitaja sumu waziwazi, wakasema kwa kuzunguka: kapewa. Sisi je? Mtu akiugua ghafla baada ya sherehe, nani anasema kawekewa sumu? Tunasema kapewa kitu, kalishwa kitu, na kila mtu ameelewa. Na njia hiyo walionyeshwa na Kigiriki, ambako dosis ni kule kutoa, kisha ikawa kipimo cha dawa kinachotolewa, na Kilatini kikaichukua. Ndiyo hiyo hiyo dozi yetu ya kumaliza hata ukijisikia nafuu. Kwa hiyo Gift atakuwa anagawa dozi, na kwa asili ni maana ile ile mara mbili, kutoa na kutoa. Mimi limenifurahisha, sijui wewe.

Waingereza nao wasijione wasafi. Poison yao mwanzo wake kwa Kilatini ni kinywaji tu. Na hilo gift lao, kwenye maandishi yao ya kale kabisa, lilikuwa ni mahari! Zawadi ya kawaida imekuja baadaye. Wajerumani wamebaki na Mitgift, yaani mali anayokuja nayo bibi harusi kutoka kwao, humo maana nzuri haijafa. Waholanzi ndio waliotumia akili, gift wameiacha kwenye kutoa, sumu wakaikata mkia ikawa gif.

Ila Waswidi! Kwao gift ni sumu, na gift hiyo hiyo ni mtu mwenye ndoa. Mama Happy wa Gothenburg anasema kila fomu akiulizwa kama ni gift anajibu ndiyo, kwa maana zote mbili. Unamjua na yule mumewe. Lakini tusiwacheke sana, sisi wenyewe binti tunamwoza na nyanya zinaoza.

Nirudi kwenye la maana. Aandike mapema, kwa heshima, aombe kitambulisho cha kazini kiandikwe Frau Mushi, yaani Bi Mushi. Ni jambo la kawaida, hospitali nyingi zinatumia jina la ukoo. Wenzake wakitaka jina la kwanza awaambie Gift bila kuinamisha kichwa, aongeze kwamba ni la Kiingereza. Watacheka siku mbili, watazoea. Kuna waliomshauri atumie jina la pili lililo kwenye pasi, lakini hilo ni Elia! Wodi nzima imwite kwa jina la baba yake?

Kinachonisumbua ni nani atamwambia. Mimi kwenye simu nitacheka, najijua. Wewe ndiye mama. Mwambie akiwa ameshiba, na usimwambie mbele ya kaka zake, maana hao...

Nijibu basi. Alishajua na ananyamaza tu? Huko darasani kwa Kijerumani mwalimu hakusema kitu, au walikuwa wanamwita nani? Ndege ni ya kushukia Frankfurt au Berlin, ili nijue nani ampokee? Ana koti la maana au mnategemea ile sweta ya shule? Mama mkubwa miguu inaendeleaje? Na ule unga wa ulezi, atapata nafasi ya kubeba kilo mbili tatu, au begi limeshajaa vitenge vya shangazi?

Wako,
Mama Neema