Babu, swali lako la siku ile

Köln, Ujerumani, Jumapili usiku

Shikamoo Babu,

Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomoa. Ile siku kwenye simu uliniuliza: imekuwaje Mjerumani aliyepigwa Vita Kuu ya Pili akatajirika, na Mwingereza aliyeshinda akabaki anahemea? Kabla sijajibu, salio likakata.

Nina jirani, bibi wa ghorofa ya chini. Mwaka 1948 alikuwa na miaka minane. Anasema Jumapili ile ya tarehe 20 Juni walipanga foleni, kila kichwa kikapewa Deutsche Mark 40, pesa mpya. Hela za zamani zikabaki karibu makaratasi. Kesho yake maduka yaliyokuwa matupu yakaonyesha masufuria, viatu, siagi. Vitu vilikuwapo, Babu, wenye maduka walivificha wakingoja pesa ya maana. Huyu bibi mpaka leo akimaliza kula huokota makombo ya mkate kwa ncha ya kidole, moja moja, huku anapiga soga.

Watu husema ni fedha za msaada wa Marekani zilizomtajirisha Mjerumani. Zilisaidia, lakini fungu nono kuliko yote lilikwenda Uingereza, zaidi ya dola bilioni 3. Ujerumani Magharibi ilipata kama bilioni 1.4. (Upande wa Mashariki usiseme, Mrusi aling'oa viwanda na hata reli akapeleka kwake.) Mimi naona lililombeba Mjerumani zaidi ni deni. Mwaka 1953, kule London, wadai walimfutia karibu nusu, nusu nyingine akailipa taratibu kadiri alivyouza bidhaa nje. Nani aliwahi kutufanyia sisi hivyo mapema namna ile?

Mwingereza alibaki na madeni ya vita na majeshi ya kulisha kila pembe ya dunia. Pauni ikashushwa thamani 1949, ikashushwa tena 1967. Nyama waliinunua kwa kadi ya mgao hadi 1954, miaka tisa baada ya ushindi!

Na uhaba wa mafuta ya kula ndio uliomleta kwenu Kongwa kulima karanga. Uliposimulia matrekta yalivyokatikia kwenye mizizi ya mibuyu, nawe kijana wa kuchota maji kambini, nilidhani unatia chumvi. Nisamehe. Mradi ule wa karanga, kuanzia 1947 hadi ulipofungwa 1951, ulimeza kama pauni milioni 36.

Nilimhadithia bibi jirani, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza kama babu yangu alilipwa. Nikakosa la kumwambia. Walikulipa shilingi ngapi?

Mjukuu wako