Barua kwa mwanangu: bibi yako na neno "maji"

Tanga, Jumatano

Mwanangu mpenzi,

Nimeuona ujumbe wako kwamba unataka kuliacha somo la saikolojia ya utambuzi, lile la jinsi akili inavyoelewa, kukumbuka na kufikiri, eti wewe ulikwenda chuo kusoma isimu, sayansi ya lugha, si saikolojia. Sikukupigia simu. Nimeona nikae nikuandikie, maana sababu yangu imelala chumba cha pili.

Bibi yako alipopata kiharusi ulikuwa bweni, mengi hukuyaona. Wiki ya tatu alikuwa anaelewa karibu kila tunachomwambia. Ukisema "nyoosha mkono", ananyoosha. Lakini akitaka maji anakutazama, midomo inacheza, linatoka "ma... ma...", kisha machozi. Alfajiri moja nikamsikia anasoma Alhamdu, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Nikabaki nimesimama mlangoni na birika mkononi. Mchana tukamwanzishia "moja, mbili", akaenda mwenyewe hadi kumi. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na mbili, niliyechanganua sentensi za kila aina ubaoni, sikuwa na la kueleza. Aliyeweza kusoma sura nzima alishindwaje na neno la silabi mbili?

Nikaanza kusoma. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka "tan" tu, ingawa maneno ya wenzake aliyaelewa. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Mwaka 1874 daktari mwingine, Carl Wernicke, akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: maneno yanamiminika, lakini hayaleti maana, na wanachoambiwa hawakielewi. Ndipo nikatambua kwamba lugha niliyoifundisha kama kitu kimoja, kichwani ina njia nyingi, na njia moja ikizibika nyingine hubaki wazi. Dua na hesabu alizozikariri bibi tangu utotoni zilipita kwingine.

Sasa chukua sentensi hii: "Mtoto ambaye mwalimu ambaye mkuu alimwajiri alimsifu amelala." Sarufi unayoisoma inaikubali. Msomee mwenzako mara moja tu, kisha umuulize nani alimsifu nani. Kilichomshinda ni kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu. Inawashika watu watatu wakisubiri vitenzi vyao, halafu inawaachia. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba hushika vitu saba, ukizidisha au kupunguza viwili. Waliomfuata waliishusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Na tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, Miller na mwanaisimu Noam Chomsky walizungumza katika mkutano mmoja pale chuo kikuu cha MIT, Marekani. Siku hiyo Miller mwenyewe aliihesabu kuwa ndiyo ilipozaliwa sayansi ya utambuzi. Somo unalotaka kulikimbia ni ndugu wa damu wa isimu yako.

Tena, mwanangu, lina mambo ya jikoni kwetu. Nikikwambia, "Nazi nishaivunja, nipe mbuzi," humfikirii mnyama. Ndivyo unavyodhani. Mwaka 1979 mtafiti David Swinney aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno la maana mbili, akawapima papo hapo neno linapomalizika kutamkwa. Maana zote mbili zilikuwa zimeamka, hata pale sentensi ilipokuwa imeshaelekeza ni ipi. Silabi tatu mbele, ilibaki maana moja tu. Basi huenda mbuzi wa kufugwa hupita kichwani mwako kila unapokuna nazi, akatoweka kabla hujamwona! Tulichonacho Kiswahili cha kupima hivyo ni kingi: paa, kaa, na ngeli zote zile ambazo kiambishi cha kwanza humdokeza msikilizaji kinachokuja. Nataka uwe miongoni mwa watakaopima.

Usiliache. Kama takwimu ndizo zinazokutisha, sema, tutatafuta wa kukufundisha.

Bibi sasa anasema "maji" bila taabu. Juzi alitaka kijiko akasema "kisu", akatikisa kichwa, "kisu... siyo", akatulia, "kijiko", akacheka. Angalia alikokwenda: chombo cha mezani, ngeli ileile, silabi ya kwanza ileile. Haya yote nimekuwa nikiyaandika, tarehe kwa tarehe, kwenye daftari la kijani. Nitalituma kwa basi la Ijumaa, limo ndani ya kapu pamoja na samli. Lipokee kabla hujakwenda kujaza fomu yoyote.

Mama yako