Kaka, ile fedha ya urithi niliitumia kuzungumza

Kaka,

Assalaam alaykum. Umesema katika kundi la ukoo, na shemeji amelifikisha kwa Mama, kwamba fungu langu la urithi nimelimaliza kwa kumlipa mtu wa kuongea naye. Ni kweli nimemlipa. Ninakujibu hapa hadharani, bila kutaja jina lako wala langu, kwa sababu kundini ulinitoa na simu zangu huzipokei.

Tuanze na hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara wa Kariakoo na hesabu unaiheshimu kuliko machozi. Mlipoamua kwamba nina jini la kiume, kwa kuwa nilizaliwa binti nami ninajijua mwanamume, fedha ya kunipeleka Bagamoyo ilipatikana kwa usiku mmoja: gari la kukodi, mbuzi, ubani, udi, na bahasha ya yule mzee ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza ina kiasi gani. Hakuna aliyedai risiti. Nilipokuja kukuomba unikopeshe shilingi 60,000 nikamwone mwanasaikolojia, ulitaka kujua atanipa dawa gani, na nilipokueleza kwamba kazi yake ni kusikiliza na kuuliza, ulicheka ukasema kusikilizwa ni bure, nikae nawe dukani. Nilikaa, kaka. Ulizungumza na wateja hadi magharibi.

Bima ya kazini haikulipia hata kikao kimoja. Mtaalamu wa kwanza niliyempata hapa mjini alinihubiria saa nzima, kisha akapokea fedha yake kamili. Ndiyo maana nikaishia kwa mshauri aliyeko Nairobi, tunayeonana kwa video, nikimlipa kwa simu huku makato ya kutuma fedha nje yakila chakula changu cha mchana. Nilimwomba kijumbe wa mchezo wetu wa kazini anisogeze mbele kwenye zamu, nikaacha bodaboda, nikawa natembea kutoka Posta hadi Magomeni. Urithi ulikuja baadaye, tena kwa kipimo ulichokisimamia mwenyewe: nilipewa fungu la binti, nusu ya lako, na sikufungua mdomo. Kama mlinihesabu binti siku ya kugawa, basi mwacheni binti huyo na matumizi yake.

Unadhani nilikuwa nanunua ruhusa ya kuwa mwanamume. Mshauri yule hakuwahi kuniambia mimi ni nani, na hakuniona mgonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na humo hali ya watu kama mimi, tunaoitwa transjenda, yaani ambao jinsia tunayojijua si ile tuliyohesabiwa tulipozaliwa, ikaondolewa katika sura ya maradhi ya akili. Tulizungumza kuhusu usingizi uliokuwa umenikimbia, kuhusu Baba, kuhusu hasira ninayokuonea wewe. Kikao kizima kilikwisha tukipanga nimwambie nani kwanza, mahali gani, nikiwa na nauli ya kurudia mfukoni na pa kulala iwapo nitafukuzwa. Hilo ndilo ulilolipigia kelele kwamba ni porojo za kulipia.

Kuhusu sindano za homoni, ambazo shemeji amemwambia Mama kwamba nimeshaanza, sijaanza. Homoni ya kiume huweza kuifanya damu kuwa nzito, hivyo anayeitumia anahitaji kupimwa mara kwa mara, na sauti ikishakuwa nene hairudi hata sindano zikiachwa. Nawajua wenzangu wanaochomwa vichochoroni bila kipimo chochote kwa kuwa vipimo vinawashinda. Siwalaumu, ila mimi nitangoja mpaka niweze kulipia vyote viwili.

Na kama hofu yako ni kwamba nitabadili kitambulisho nije kudai fungu la mwanamume, lala salama. Kenya mahakama iliamuru mwaka 2014 baraza la mitihani limpe mwanamke transjenda cheti chenye jina lake jipya. Hapa kwetu sheria haina utaratibu wa kubadili jinsia katika nyaraka, na hata ungekuwepo, nyumba ya Baba siitaki.

Sikatai kwamba umewahi kunilinda. Oktoba 2018, mkuu wa mkoa alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, hukungoja kuuliza kama linanihusu. Ulikuja usiku, ukaketi nami jikoni tukifuta picha na namba simuni moja baada ya nyingine, ukalala kwangu mpaka Wizara ya Mambo ya Nje iliposema kwamba huo haukuwa msimamo wa serikali. Asubuhi ulikuwa unanunua vitumbua vya watu wawili kana kwamba hakuna lililotokea. Kaka yule ninamkumbuka sana.

Ndiyo maana nashindwa kulisamehe geti la makaburi ya Kisutu, siku tuliyomzika Baba. Nilitembea nyuma ya jeneza pamoja na wanaume, kimya, bila kumsukuma mtu. Ulijitoa mstarini, ukaacha wengine wapite na Baba, ukanivua kofia kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kitu kichafu, ukampa mtoto wa jirani. "Usitutie aibu leo." Mtoto hakujua afanye nini nayo, akaivaa, ikamfunika masikio. Watu walituangalia, na wewe ukaingia ndani kumlaza baba yetu mwanandani, mimi nikabaki nje nikisikia majembe.

Hukujua, kwa kuwa hukuuliza, kwamba kofia ile alinipa Baba mwenyewe. Nilimwambia barazani baada ya alasiri, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga na mshauri wangu yakaisha kwa sentensi mbili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza iwapo Jumatano nitampeleka kliniki ya sukari kama kawaida. Nikasema nitampeleka. Idi iliyofuata aliitoa kofia sandukuni, akanivalisha, akarudi kusikiliza redio yake.

Kwa heshima zote, kama mdogo anavyoweza kumshauri mkubwa wake: mwanao yeyote akikujia na jambo zito, funga duka kwanza, gari la Bagamoyo litafuata baadaye ikibidi. Usimfanye atafute sikio la kununua. Wala sisemi hivi kwa majuto. Ningeanza leo ningelipa tena, na zaidi. Muulize Mama ni kwa nini alinificha vidonge vya Baba kabla sijaanza vile vikao, na ni kwa nini baadaye aliacha kunificha.

Hitima ya mwaka mmoja wa Baba imekaribia. Nitakuja, nimevaa kanzu, na nitakaa mkeka wa wanaume. Ikiwa huliwezi, nipigie mapema uniambie, tubishane simuni mimi na wewe, si mbele ya watoto wa jirani. Mchango wangu wa mchele na nyama nimeshamtumia Mama.

Ni mimi, mdogo wako.