Abiria wa pikipiki si mzigo wa kufungwa kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni kuhusu hizi safari za kupakiwa pikipiki kando ya bahari, zile ambazo unalipia, dereva anayeijua barabara anakubeba siti ya nyuma, mnazunguka pwani mchana kutwa, mnasimama pale penye mandhari, mnapiga picha, mnarudi. Nimeshapakiwa hivyo na sitaki mtu anielewe vibaya, nazipenda, tena sana, ila kuna kitu kinanikera kwenye matangazo yake karibu yote na hata kwenye makala za utalii mnazotuandikia nyie, eti "wewe kaa tu ufurahie". Hakuna kukaa tu jamani. Abiria wa pikipiki ana kazi yake, na asipofundishwa anaifanyaje anamponza dereva na anajiponza mwenyewe.

Kwenye gari ukisinzia, ukigeuka, ukiinama kuokota simu, gari halina habari na wewe. Pikipiki inasikia kila kitu. Mchukue mtu wa kilo 70 au 80 umweke nyuma, uzito wote ule unakaa juu tena nyuma, shokapu inabonyea, mbele panakuwa pepesi, usukani unaanza kulegea kidogo, na breki inataka nafasi ndefu zaidi kuliko dereva akiwa peke yake. Sasa hapo hata hamjafika kwenye kona, na barabara za pwani ndo kona zenyewe, maana zimechongwa kufuata mlima ulipoingia baharini na ulipotoka. Chukua Chapman's Peak Drive kule Cape Town, kilomita 9 tu lakini kona 114, piga hesabu mwenyewe, ni kama kona moja kila mita 80, yaani hujamaliza kushusha pumzi ya hii umeshaingia ile.

Na pikipiki ikiwa kwenye mwendo haikati kona kwa kuzungusha usukani, inalala. Dereva akilala kushoto, abiria mgeni akaona lami inamkaribia, akili inamwambia vuta kulia tusianguke. Hapo ndo anaharibu. Akijivuta kulia, pikipiki inabidi ilazwe zaidi ili ipite kona ileile, na dereva akishindwa kuilaza kona inamtanukia, anajikuta kwenye njia ya wanaokuja au anasogelea ukingo wa baharini. Dawa yake ni rahisi mno na inafundishwa kwa dakika mbili: kona ya kushoto tazama juu ya bega la kushoto la dereva, kona ya kulia bega la kulia, basi, mwili unafuata wenyewe, huna haja ya kujilaza kwa makusudi wala kujifanya uko kwenye mashindano. Dakika mbili! Lakini nenda kaangalie wanavyopokea wageni asubuhi, saini hapa, vaa hii, panda twende.

Sio wote lakini, nisiwe mchoyo wa sifa. Nimewahi kupata dereva mmoja mtu mzima, hajaniambia hata karibu, ameniuliza "una kilo ngapi" bila aibu yoyote, nikamtajia, akachomoa spana yenye ndoano chini ya siti, akapiga goti, akaizungusha ile ringi ya kukaza shokapu ya nyuma kwa hatua, tak, tak, tak, isibonyee mno na uzito wangu, akabonyeza siti kwa mikono miwili, akaongeza moja tena. Akapima upepo wa matairi yote mawili. Halafu injini ikiwa imezimwa akanifundisha kupanda na kushuka, kupandia kushoto kwa sababu stendi iko kushoto, nisipande mpaka aniitikie kwa kichwa, na niangalie bomba la moshi nisije nikaacha ngozi ya mguu pale. Miguu ibaki kwenye vikanyagio hata tukisimama kwenye taa, kusaidia kushika chini sio kazi yangu. Akamalizia, "nigonge bega mara moja napunguza mwendo, mara mbili nasimama, usinibane mbavu". Mimi huyo ndo nampa hela yangu kila siku.

Sasa linganisha na wale wengine (siwataji, wanajijua) ambao helmeti zinatolewa kwenye gunia. Unachagua kama unachagua viazi. Niliyopewa mimi mkanda umechanika nyuzi pale kwenye kifungo, sponji ya ndani imelala kabisa, nikitikisa kichwa helmeti inabaki inaangalia mbele. Mkuu wa msafara akasema ah hiyo ni mwendo wa pole tu. Mwendo wa pole una nini? Tafiti zilizokusanywa pamoja kuhusu helmeti za pikipiki zinaonyesha inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, lakini hiyo ni helmeti iliyokaa kichwani, sio inayokuacha ukiwa bado unaruka hewani. Na helmeti ikishapigwa chini kwa nguvu imekwisha kazi hata kama rangi inang'aa, kwa sababu kile kinachookoa ni lile tabaka gumu la povu lililoko ndani, linabonyea mara moja na halirudi tena. Za kwenye gunia nani anajua zimeshaanguka mara ngapi.

Nguo nazo. Dereva utamkuta na jaketi lenye pedi, glovu, buti, suruali nzito, nyuma yake mgeni kavaa kaptula na ndala, na picha hiyohiyo ndo wanaiweka kwenye tangazo. Mkianguka lami haiulizi nani alilipa nauli. Kampuni inayojiheshimu iwe na majaketi na glovu za abiria za saizi tofauti, na isiyo nazo iseme mapema mtu aje na vyake, hata suruali nzito ya jinzi na viatu vya kufunika vifundo vya miguu ni afadhali mara mia. Na upepo wa pwani unapiga baridi hata jua likiwaka, ukikaa saa nzima kwenye mwendo bila jaketi vidole vinakufa ganzi, na vidole vyenyewe ndo unavyojishikilia navyo.

Jingine ambalo sijaona gazeti lolote likiliandika, na hili naomba Mhariri mlifanyie kazi, ni upande gani wa barabara unapitishwa. Barabara ileile ukiipita kwenda na ukiipita kurudi ni safari mbili tofauti kabisa. California kule, Highway 1 sehemu ya Big Sur, magari yanapita kulia na bahari iko magharibi, kwa hiyo ukishuka kuelekea kusini unakuwa kwenye njia ya upande wa maji, ukipanda kaskazini kati yako na bahari kuna njia nzima ya magari yanayokuja. Great Ocean Road ya Australia wanapita kushoto, ukianzia Torquay kwenda magharibi bahari unayo kushoto kwako karibu kabisa. Chapman's Peak wanapita kushoto pia, upande wa bahari ni ukitoka Noordhoek kwenda Hout Bay. Hai Van, barabara ya kuvuka mlima kule Vietnam, wanapita kulia, upande wa bahari ni ukitoka Da Nang kwenda Hue. Na sio suala la picha tu, ukiwa upande wa bahari dereva anaingia kwenye sehemu za kusimama bila kukata njia ya wanaokuja, na kukata njia karibu na kona isiyoonekana ni moja ya vitu vinavyonipa joto nikiwa nyuma. Kwa upande mwingine kama unaogopa urefu, omba uelekeo wa upande wa mlima na wala usione haya. Yote haya ni swali moja la kwenye simu kabla hujalipa, ila watu hawajui kama ni la kuuliza, wanauliza kama kuna chakula cha mchana.

Hiyo Hai Van naitaja pia kwa sababu ya kitu kingine. Tangu handaki la kupita chini ya mlima lilipofunguliwa mwaka 2005 magari mengi makubwa yamehamia chini, barabara ya juu ya kilomita kama 20 hivi imebaki na pikipiki, watalii na wachache wengine, ndo maana inafaa hivi kwa kupakiwa. Barabara ya pwani yenye malori ni kitu kingine kabisa hata iwe nzuri namna gani, lori likikupita upepo wake unakusukuma halafu unakuvuta, na abiria asiyejua anashtuka na kujirusha. Kwa hiyo mkituandikia kuhusu barabara fulani tuambieni na nani wengine wanaitumia, sio rangi ya maji peke yake. Rangi ya maji tutaiona wenyewe.

Saa nayo ina maneno. Mchana ardhi ikishapata moto upepo unatoka baharini kuja nchi kavu na unazidi alasiri, kwa hiyo asubuhi mara nyingi ndo kumetulia. Kuna pale mnapokuwa mmekingwa na mlima, kumetulia kabisa, mnatokeza kwenye ncha ya rasi, upepo wa ubavuni unawapiga kofi. Dereva anayeijua barabara analijua hilo tangu mita 100 nyuma, utaona anapunguza na kujiinamisha, na wewe inama naye, jisogeze karibu, usibaki umesimama wima kama tanga. Mchanga nao, upepo unaumwaga juu ya lami hasa kwenye kona zilizo karibu na ufukwe, tairi inateleza kama iko juu ya punje. Kule Big Sur wakati wa kiangazi ukungu unatoka baharini sababu maji ya pale ni ya baridi, mtu amesafiri toka mbali aone bahari anaishia kuona mgongo wa dereva. Hilo sio kosa la mtu, ila liwepo kwenye tangazo.

Halafu kuna viongozi wanaopenda kusimulia huku wanaendesha. Historia za hizi barabara ni tamu kweli, hiyo Great Ocean Road ilijengwa na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia 1919 hadi 1932, kwa sururu na mabeleshi, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Nani hataki kusikia hiyo? Lakini nisimulie tukiwa tumesimama, au niwekee spika ya kwenye helmeti, sio unageuza shingo unapiga kelele kwenye upepo na kona iko mbele. Na sisi abiria tuache kuchomoa simu katikati ya mwendo, mkono mmoja kwenye kiuno cha dereva, mwingine unarekodi, breki ya ghafla ikipigwa helmeti yako inagonga ya kwake ko!, na simu ndo imeenda kwa samaki. Picha zipigwe mkisimama. Na kama dereva hasimami vya kutosha mgonge bega, umelipia.

Bima msiisahau, bima nyingi za safari zina vifungu vyake kuhusu pikipiki, wengine wanaangalia ukubwa wa injini, wengine leseni ya dereva, isomwe kabla ya siku, sio ukiwa hospitali. Na muulize barabara yenyewe iko wazi? Maana barabara zilizochongwa kwenye majabali zinaporomoka, Chapman's Peak ilifungwa mwaka 2000 kwa mawe kuanguka, ikafunguliwa tena 2003 baada ya kuwekewa nyavu na kinga, na Big Sur mwaka 2017 kipande kizima kilifunikwa na mlima, magari hayakupita pale mpaka katikati ya 2018. Kampuni nzuri inakwambia mapema na inakupa njia nyingine au hela yako.

Najua kuna wasomaji watasema huyu anatuharibia raha, mtu anakwenda kupunga upepo wewe unamletea darasa. Mi naona ni kinyume. Abiria asiyejua kinachoendelea amekaza mwili toka mwanzo mpaka mwisho, macho kafumba kwenye kila kona, jioni mapaja yanauma na bahari yenyewe hakuiona. Aliyeelekezwa analegeza mabega kuanzia kona ya tatu ya nne hivi na kuanzia hapo anaangalia anachotaka, tena anaona kuliko dereva, maana dereva wa watu macho yake yako barabarani.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni hili, waandishi wenu wa safari wakialikwa tena kupanda bure na hizo kampuni watuandikie helmeti ilikuwaje, walielekezwa nini kabla ya kuondoka, shokapu iliguswa au haikuguswa. Mandhari wayaweke mwishoni. Na wazazi wanaouliza kama mtoto anaweza kupakiwa, kipimo cha kwanza ni miguu, isipofika kwenye vikanyagio akiwa amekaa vizuri basi bado, hata kama helmeti yake mmeipata. Ziko kampuni zenye pikipiki za kigari cha pembeni, waulizwe hao, na hata wazee wenye magoti mabovu hapo wanaenea, ila kigari nacho kiwe na mkanda wa kujifunga na mtu apewe helmeti.

Ni mimi msomaji wenu,
Abiria wa siti ya nyuma