Programu ikigoma kuingia, kufomati sio dawa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo naona linaongelewa nusu nusu. Tangu Windows 10 ikatiwe huduma tarehe 14 Oktoba 2025 mmeandika zaidi ya mara moja kwamba mwenye mashine ya zamani anaweza kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, bure, na ni kweli, hizi laptopu za mtumba tunazonunua zenye core i5 ya generesheni ya nne au ya sita Windows 11 haizitaki kabisa, inataka TPM 2.0, yani kifaa cha usalama ndani ya mashine, na prosesa za kuanzia generesheni ya nane hivi kwenda juu, kwa hiyo Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni aina za Linux, ndio kimbilio. Lakini mnaishia hapo hapo. Mtu anahama, wiki ya kwanza tu anataka kuweka VLC ya kuchezea video inagoma, anakuja nayo hapa kwangu steshenari, "fundi nirudishie window yangu, hii kitu ni ya wataalamu".

Mimi nabisha, sio ya wataalamu. Shida ni mazoea tuliyotoka nayo kule. Kule dawa ya kila ugonjwa ni moja, piga window upya. Printa haisomi, piga window. Mashine nzito, piga window. Sauti haitoki, piga window halafu lipia. Na kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa linakuja na namba za ajabu kama 0x80070643 ambazo hazimwambii mtu kitu, hamna aliyejifunza kusoma kosa, tumejifunza kubonyeza OK na kumuita fundi. Sasa mtu huyo huyo anakuja Linux ambayo inaongea mno, inaeleza imefanya nini na imekwama wapi, mara nyingine hadi amri ya kurekebishia imeandikwa humo humo kwenye kosa, yeye anaona maandishi mengi meupe kwenye dirisha jeusi anafunga.

Chukua hiyo ya VLC. Mtu kaandika kwenye lile dirisha jeusi sudo apt install VLC (apt ndiyo inayoweka programu, sudo ni kuipa ruhusa ya mwenye mashine), jibu limekuja "Unable to locate package", yani haioni programu hiyo. Anaelewa kwamba Linux haina VLC. Sio hivyo. Kwanza majina ya programu kwenye apt yanaandikwa kwa herufi ndogo, VLC na vlc kwake ni vitu viwili. Pili apt haitafuti Google, inaangalia orodha iliyo ndani ya mashine yako, na mashine iliyowekwa Ubuntu jana kwa flashi orodha yake inaweza kuwa tupu au ya zamani, ndio maana amri ya kwanza kabla ya yote ni sudo apt update, ambayo haiapdeti programu yoyote bali inaleta orodha mpya. Tatu, ghala la Ubuntu, yani hifadhi ya mtandaoni ya programu zake, lina sehemu zake, na VLC inakaa kwenye sehemu inaitwa universe, kama imezimwa unaiwasha kwa sudo add-apt-repository universe. Mambo matatu hayo, dakika tano, na hakuna hata moja linalohitaji kufomati.

Halafu kuna hii ya paswedi. Kwenye matoleo ya Ubuntu ya 22.04 na 24.04 ukitumia sudo unaandika paswedi hakionekani kitu, hata nyota, mtu anadhani kibodi imekufa. Andika tu, bonyeza enta. Wamekusudia iwe hivyo. Nimelitaja haraka kwa sababu ni dogo ila ndilo linaloletwa dukani kuliko yote.

Sasa umeme. Nyie wa mijini mikubwa sijui, huku kwetu unakatika, na laptopu ya mtumba betri yake ni pambo. Ukikatika katikati ya kuinstoo, ukiwasha tena kila unachojaribu kuweka kinakataa na unaambiwa dpkg was interrupted, yani dpkg, kiwekaji ambacho apt inakitumia, kilikatizwa, halafu soma mbele yake kidogo tu, wamekuandikia kabisa endesha sudo dpkg --configure -a. Unaikopi unaipesti. Inaendelea pale ilipoachia. Ikibaki inalalamika kuna vitu vinategemeana havijakamilika basi sudo apt --fix-broken install inamalizia. Nimeona vijana wanafomati diski nzima na picha za familia za mteja kwa ajili ya jambo ambalo jibu lake lilikuwa kwenye skrini kwa herufi kubwa, hii inaniudhi kweli.

Inayofanana na hiyo ni ile ya Could not get lock, yani imeshindwa kupata kufuli. Hapo mashine inasema kuna mwenzako anatumia apt sasa hivi, na mara nyingi huyo mwenzako ni mashine yenyewe, Ubuntu ikiwaka tu ikapata intaneti inaanza kujiapdeti usalama kimya kimya. Dawa ni kusubiri. Ujumbe unaonyesha hadi namba ya hiyo kazi inayoendelea. Kuna ushauri umezagaa mtandaoni eti futa faili la lock kwa rm, usifanye, ukilifuta wakati kazi inaendelea ndio unatengeneza tatizo la kweli ambalo hukuwa nalo.

Ngoja niseme na la saa maana ni letu kabisa sisi watu wa mtumba. Laptopu nyingi kibetri cha kwenye ubao kimekwisha, ukizima na kuchomoa chaja tarehe inarudi miaka ya nyuma. Ukienda kwenye apt update inakwambia Release file is not valid yet, yani faili la ghala limetoka "kesho" kwa hiyo haliamini, na brauza nayo inakataa tovuti inasema sio salama. Mtu analaumu mtandao, anabadilisha laini, anaongeza bando. Angalia tarehe kwanza! Mara nyingi mashine ikishika intaneti inajirekebisha yenyewe lakini kuna mitandao ya maofisini inazuia hilo, hapo weka tarehe kwa mkono. Wenye Windows na Ubuntu kwenye mashine moja nao wana la kwao, Windows inaandika saa ya hapa na Ubuntu inaandika saa ya dunia, ukihama kutoka moja kwenda nyingine unakuta saa imeruka masaa matatu, maana sisi tuko masaa matatu mbele.

Na angalieni flashi mnazopeana. Namba ya Ubuntu ni mwaka na mwezi, 24.04 ni Aprili 2024, na yale yenye LTS, yani ya huduma ndefu, yanatoka kila miaka miwili yanahudumiwa miaka mitano, mengine yote ni miezi tisa basi. Kuna kijana kaletewa flashi ya 23.10, hiyo ilitoka Oktoba 2023 na huduma ikaisha Julai 2024, sasa kila akifanya apt update anapata 404 Not Found mstari baada ya mstari. Intaneti yake haina kosa, programu za toleo lake zilishahamishiwa ghala la kumbukumbu linaitwa old-releases. Huyu ndiye pekee kwenye barua hii ambaye namshauri aweke upya, na aweke LTS.

Jambo jingine ni hii tabia ya kudanlodi. Tumezoea kwenda kwenye tovuti, kutafuta kitufe cha kijani, kushusha faili la exe, kudabo kliki. Exe ni ya Windows, Ubuntu haiijui. Kama programu haipo kwenye ghala na mwenye nayo anatoa faili la deb, yani la kuwekea programu kwenye Ubuntu, kama ilivyo Google Chrome, lishushe kisha nenda kwenye folda lilipo useme sudo apt install ./ halafu jina la faili, na hicho kinukta na mkwaju msivisahau, bila hivyo apt inakwenda kutafuta ghalani badala ya kwenye folda yako. Wengine wanawafundisha dpkg -i, nayo inaingiza ila haikuletei vile programu inavyovitegemea, unabaki umekwama nusu njia. Zile za AppImage, programu nzima ndani ya faili moja, zenyewe unazipa ruhusa ya kuendeshwa kwenye propatizi za faili, na zikikataa zikisema hazioni FUSE, kitu kinachozisaidia kufunguka, basi kwenye 22.04 unaongeza libfuse2, kwenye 24.04 imebadilishwa jina ni libfuse2t64. Libfuse2, sio fuse! Kwenye 22.04 ukiweka fuse yenyewe inaweza kung'oa vitu vingine mashine inavyovihitaji.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote niliyosema. Kabla apt haijafanya kitu inakuonyesha orodha, vitakavyoongezwa na vitakavyoondolewa, halafu inakuuliza Y au n. Watu wanabonyeza Y kama wanapiga mbu. Mwaka 2021 yule Mkanada wa YouTube Linus Sebastian (sio Linus Torvalds aliyeanzisha Linux 1991, wamefanana jina tu) alijaribu kuweka Steam, programu ya magemu, kwenye Pop!_OS, aina nyingine ya Linux iliyotokana na Ubuntu, ile paketi ilikuwa na kasoro siku hiyo, mfumo ukamwambia wazi kwamba utaondoa desktopu nzima, yani skrini yote ya menyu na madirisha, na ili uendelee uandike sentensi kamili "Yes, do as I say!", akaiandika. Desktopu ikaondoka mbele ya watazamaji wake wote. Kosa la paketi halikuwa lake, nakubali, na baadaye watengenezaji wa apt wakakaza hapo, lakini onyo lilikuwepo kwenye skrini na ndiyo maana nang'ang'ania watu wasome.

Wanaoomba msaada nao wabadilike. "Jamani inagoma naombeni msaada", na picha ya simu imekatwa nusu ya skrini. Nani atakusaidia? Toa toleo lako, lsb_release -a inakutajia, toa amri uliyoandika kama ilivyo, na toa ujumbe wote kuanzia kosa la kwanza, maana la mwisho mara nyingi ni mkia tu wa yaliyotangulia.

Kuhusu bando, zamani Ubuntu walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta hadi ilipofika 2011, yule Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliyeianzisha 2004 alikuwa anagharamia, leo kila kitu unashusha. Ushauri wangu kwa wenye mashine nyingi, tumieni apt-get badala ya apt wakati wa kuweka programu. Apt ikimaliza inafuta mafaili iliyoshusha, apt-get inayaacha kwenye /var/cache/apt/archives, unayakopi kwenye flashi unaweka mashine ya pili na ya tatu bila kushusha tena, mradi toleo ni lile lile. Na mtandao ukikatika katikati rudia amri, inaendelea ilipoishia.

Ombi langu kwenu mhariri ni kona ndogo tu kila wiki, kosa moja, maana yake kwa Kiswahili, na amri yake. Msiseme lugha haiwezi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004, menyu nzima. Mimi makosa ninayokutana nayo nimeyabandika ukutani hapa dukani pamoja na amri zake, mkikubali nawapigia chapa nawatumia, sitaki malipo.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari, Soweto, Mbeya