Risala ya Wanaouguza Wagonjwa wa Kiharusi, Uyole, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiharusi Duniani, 29 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wetu, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, ndugu wagonjwa, itifaki imezingatiwa. Karibu Uyole, Mbeya, na utuwie radhi kwa vumbi la Oktoba.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kusubiria mazoezi ya viungo, ambako tulikuwa tukikutana kila mtu na mgonjwa wake. Sasa tunachangiana nauli za bajaji, tunaazimana fimbo za kutembelea, na kila Jumamosi tunatandaza maharage kwenye ungo. Mgonjwa anahamisha punje mojamoja kwa mkono uliopooza, nasi tunaandika amehamisha ngapi kwa dakika mbili. Kuna baba hapa ambaye kidole gumba na cha shahada huhangaika juu ya punje moja mpaka muda unakwisha, na bado haachi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali letu halijaisha. Wagonjwa wawili wamepigwa CT skani, picha ya eksirei ya ubongo, na makovu yao ya ubongo yanafanana. Mmoja amerudi shambani, mwingine hafungi kifungo cha shati. Kwa nini?

Tumeulizia, tumesoma. Nyuzi nyingi za neva zimevikwa mayelini, utando wa mafuta, mithili ya mpira wa waya wa umeme. Uzi mnene wenye mayelini hupitisha taarifa kwa kasi ya hata mita 100 kwa sekunde; mwembamba usio nayo, mita moja hivi. Damu isipofika, seli zinazotengeneza mayelini huumia, na uzi wenyewe unaweza kubaki hai, uchi. CT skani haiuoni uchi huo. MRI, skani ya sumaku, inaona zaidi, ila inasoma maji ya mwilini, hivyo uvimbe na kumenyeka kwa mayelini vinaweza kuonekana sawa.

Ndiyo maana watafiti wanahangaikia dawa za kufuatilia: zina mionzi kidogo, zinachomwa mshipani, kisha mashine ya PET, inayopiga picha ya mionzi hiyo, inasoma zilikotua. Baadhi hushika mayelini nzima, kwa hiyo palipoharibika panafifia. Nyingine, 3F4AP, imetokana na 4-aminopiridini, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010 kuwasaidia wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaomenya mayelini, kutembea. 3F4AP hushika vijia vya potasiamu, vitundu vya kwenye uzi wa neva vinavyopitisha potasiamu, ambavyo mayelini ikiwa nzima huvifunika. Palipomenyeka ndipo panang'aa. Sisi hii ndiyo iliyotuvutia. Mwenye mgonjwa anataka aonyeshwe pa kupigania, kilichokufa ameshakizoea.

Tatizo ni safari. Dawa hizo hubeba chembe za mionzi: yenye kaboni-11 mionzi yake hupungua nusu kila dakika 20, yenye florini-18 kila dakika 110. Ikitengenezwa Dar es Salaam ikapakiwa kwenye basi la Mbeya, hiyo ya kaboni itakuwa imebaki nusu kabla ya Kibaha, na hapo hatujataja foleni wala mizani.

Kwa hiyo hatukuombi PET. Tunaomba mashine mbili za kupimia presha, maana presha ndiyo inayotuongezea wanachama, na mtaalamu wa mazoezi awe anatufuata hukuhuku Uyole. La mwisho: unapokaa na watafiti, wataje na wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini. Hii hapa ni nakala ya daftari letu la maharage, bila majina, ili siku picha hizo zikipatikana kuwe na cha kulinganisha.

Tunaomba kuwasilisha. Ndaga fijo, asante sana.